Kidevu cha Baba Akinyi

Kama unasoma hapa huku umefunika kidevu kwa mkono, toa huo mkono. Mimi nilifunika changu tangu mvua ndefu mpaka karibu Krismasi, na ninajua mkono unavyochoka. Sitakupigia hadithi za vitabu vya udaktari. Sivijui. Shule niliiacha darasa la sita, lakini leo nina mashine tatu za kukoboa mpunga pale Ahero, nina lori, nina nyumba ya matofali, na hakuna mtu aliyenipa hata msumari. Nilianza na baiskeli, nabeba gunia la mtu mwingine. Sasa wenye digrii hunipigia simu kuuliza bei ya mchele. Nakwambia haya ili ujue anayeandika si mjinga, na bado nilifanywa mjinga na chunusi.

Hasira ninayo mpaka leo. Akinyi, binti yangu, ndiye anayenirekebishia herufi, na ameniomba nipunguze ukali. Nimekataa.

Mwaka huo nilikuwa nimenunua mashine ya tatu, nikawa nashinda ndani ya kinu kutwa nzima kuangalia watu wasiiharibu. Kazi ya mpunga ina vumbi la pumba. Linaingia puani, linawasha shingoni, ukijikuna linazidi. Watu wengine hukohoa tu na kulalamika. Mimi nilibuni dawa yangu. Asubuhi najipaka mafuta ya mgando, mazito, kidevuni na shingoni. Halafu nafunga kitambaa juu ya pua na mdomo, fundo kisogoni. Vumbi likija linanasa kwenye mafuta. Jioni natundika kitambaa kwenye msumari kando ya injini, kesho nakifunga tena. Wafanyakazi wangu wote niliwafundisha, na kila mgeni aliyeingia kinuni nilimwonyesha. Kichwa cha darasa la sita hicho, nikamwambia.

Kipele cha kwanza kilitoka wakati wa mvua, ule wakati tambarare ya Kano inageuka ziwa na watu wanavuka barabara na magodoro kichwani. Kimoja tu, chini ya mdomo, upande wa kushoto. Nikakiminya. Kikaita ndugu zake. Kufika mwezi wa tano kidevu chote kilikuwa kama gunzi la mahindi, kina vipele vigumu vinavyouma hata nikicheka, vingine vina usaha.

Chunusi! Mimi, mtu wa miaka hamsini na moja! Hata nilipokuwa kijana sikuwa nazo, sikuwa na wakati wa mambo hayo.

"Bosi," mpakiaji wangu mmoja akasema mbele ya wateja, "naona shamba lako limeota."

Nilimpa kazi ya kuzoa pumba wiki nzima. Lakini wateja walikuwa wameshacheka.

Sasa usione kama ninalia juu ya sura. Sura sijali. Kulikuwa na jambo. Akinyi alikuwa amepata mchumba, kijana wa Kisian, na watu wa kijana walikuwa wameomba kuja mwezi wa kumi na mbili kwa ayie, ile siku wakwe wanakuja mara ya kwanza rasmi kuomba wakubaliwe. Siku hiyo baba wa msichana ana kiti chake sebuleni. Mimi baba yangu alikufa maskini. Dada zangu walipoombwa, waliokaa kwenye kile kiti ni watu wa kuazima. Tangu nilipokuwa na ile baiskeli nilisema: binti yangu akiombwa, nitakaa mwenyewe, katika nyumba yangu, na watu watanitazama usoni. Basi ndiyo hiyo. Watanitazama usoni.

Mwezi wa sita nikaingia Kisumu mjini, kwa mama mmoja anayeuza vipodozi sokoni. Jina lake silitaji. Sitaki kumpa umaarufu. Alinishika kidevu bila kuniuliza, akakigeuza kama anayechagua nyanya.

"Baba, hii ni siku tatu tu."

"Siku tatu?"

"Ikifika ya nne na bado iko, niletee tyubu nikurudishie."

Tyubu yenyewe ilikuwa na maandishi ya nchi gani sijui. Nikapaka. Siku ya nne kidevu kilikuwa laini kama cha mtoto wa kubatizwa. Unafikiri niliuliza ni kwa nini? Nilirudi nikanunua sita. Nikamwambia kila mtu, kanisani, kinuni, kwa kinyozi. Nikajiita daktari.

Wiki ya tano nilikosa kupaka siku mbili, nikaamka kidevu kinawaka moto. Nikarudi mbio kwa yule mama.

"Uliacha kupaka?"

"Siku mbili tu."

"Ndiyo hiyo! Ukiiacha inakasirika. Chukua kubwa."

Nikachukua kubwa. Kufika mwezi wa nane ngozi ya kidevu ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, inang'aa, na chini yake mishipa midogo myekundu unaiona. Kidevu cheupe, mashavu meusi, kama mtu aliyechovya uso kwenye maziwa. Na juu ya weupe huo vipele vilirudi vyote, vimeleta na jamaa zao. Nikinyoa, damu. Nikila ndimu, machozi.

Nyumbani mambo yakaharibika kimyakimya. Mama Akinyi, mke wangu, alihamisha mto wake upande wa ukutani. Kisha nikaona nimenunuliwa taulo langu peke yangu. Kisha kikombe changu. Tumekaa pamoja miaka ishirini na minane, nikajua anachofikiria.

"Sema," nikamwambia.

"Nenda ukapimwe."

"Nipimwe nini?"

"Baba Akinyi, wewe unajua, na mimi najua."

Nilikasirika mpaka nikashindwa kufunga kamba za viatu. Lakini nilikwenda, nikapimwa, nikaja na karatasi nikaibandika mezani mbele yake. Haya, soma. Sina kitu. Akasoma mara mbili, akalia kwa furaha, akajipangusa, halafu akasema, "Basi ni kile anachosema shemeji Okello."

Okello ni kaka yangu mkubwa. Ametembelea kila kazi hapa duniani na hakuna aliyoisalimia mara mbili. Alikuwa amekwenda kwa wazee wa ukoo kusema uso wangu una chira, yaani ile adhabu inayompata mtu aliyevunja mwiko. Mwiko gani? Ati miaka ile nilijenga nyumba kwenye boma la baba kabla yake yeye mkubwa. Ni kweli nilijenga. Yeye alikuwa wapi? Alikuwa ananisubiri nijenge, ndipo anune.

Alikuja kwangu Jumapili moja, akakaa, akala, akamaliza, ndipo akaongea.

"Omera, ndugu yangu, wakwe hawawezi kukuona hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Na chira usoni. Watasema tumewapa msichana wa nyumba yenye laana. Wewe ukae chumbani siku hiyo. Kile kiti nitakaa mimi."

"Okello, hicho kiti unachokalia sasa nilikinunua mimi."

"Sijasema cha mbao."

Nilimfukuza na tumbo lake limeshiba. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wazee wawili walinipigia simu kunishauri "nipumzike" siku hiyo. Asubuhi moja nikaonja chai nikasikia uchungu.

"Mama Akinyi, hii chai ina nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Majani ni majani, si unywe."

Ilikuwa dawa ya miti ya kuondoa chira, Okello kamletea. Mke wangu, mwimbaji wa kwaya! Nilimwaga chai yote kwenye maua. Hakuzungumza nami siku mbili, na mimi sikumlaumu, maana alikuwa anaogopa, na mwenye kuogopa hushika chochote.

Nikasema, kama ni pesa nitatumia pesa. Nikaenda kliniki moja ya watu wakubwa, kule Milimani. Sebule ya kungojea ina samaki kwenye kioo na viti vinavyokumeza. Nilikuwa nimefunga kitambaa changu usoni kama mtu wa vumbi, nikawaona wanawake wenye mikoba wanasogeza mikoba. Daktari aliongea na simu, akanitazama kutoka upande wa pili wa meza, akaandika sabuni. Sabuni! Hakuniuliza hata nafanya kazi gani. Nilitoka pale nikapiga usukani wa gari ngumi mpaka honi ikalia yenyewe, mlinzi akakimbia kunifungulia geti.

Aliyenisaidia nilimpata nisikotaka kwenda, kwenye hospitali ya serikali, siku ya ngozi. Benchi la mbao, watu wamebanana tangu asubuhi. Watoto wenye upele, mzee mwenye miguu iliyopasuka, msichana mmoja aliyeinamisha uso magotini. Mimi na kitambaa changu. Nilisimama saa nzima kwa kiburi, nikijiambia mtu kama mimi haketi hapa. Mama mmoja mwenye mkono wa mabaka akasogea, akapiga benchi kwa kiganja.

"Kaa, baba. Hapa sote tumeharibika."

Akanipa njugu. Sijui jina lake. Kama anasoma hapa, ajue zile njugu sijazisahau.

Ndani nilimkuta msichana mdogo wa koti jeupe, rika la Akinyi. Nikaanza kumwambia mimi ni nani, mashine tatu, lori. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mzee, toa kitambaa."

Nikatoa. Hakushtuka. Akaja karibu, akanyoosha kidole bila kunigusa, akafuata ukingo wa vipele kuanzia sikio moja, chini ya taya, mpaka sikio la pili.

"Vinaishia hapa. Kama vimepigiwa rula. Hebu kifunge tena."

Nikakifunga.

Akageuza kioo kidogo cha mezani nijione. Ukingo wa kitambaa na ukingo wa vipele vilikuwa mstari mmoja.

"Unakifua lini?"

"Hiki? Hiki ni cha kazi."

"Chini yake unapaka nini?"

Nikamweleza ubunifu wangu. Mara hii sikujisifu sana. Mafuta, vumbi, jasho, kitambaa cha wiki tatu kinacholala kando ya injini. Nilikuwa nimepika kidevu changu mwenyewe kila siku kwa mfuniko. Na nilipoona aibu, nilijificha kwa mfuniko uleule. Halafu akaomba kuona ninachopaka usiku, nikatoa ile tyubu mfukoni. Hapo ndipo alipokasirika, na nilimpenda kwa hasira ile.

"Mzee, humu kuna steroidi. Inaulaza ugonjwa, haiuponyi, na inakula ngozi. Tangu leo hupaki tena."

"Nina wageni mwezi wa kumi na mbili."

"Ukiiacha itawaka wiki mbili tatu, itakuwa mbaya kuliko leo. Baadaye itapoa. Ukirudia kupaka hata mara moja, tunaanza upya."

Alinipa vidonge vya kumeza na chakula na maji mengi, dawa moja ya kupaka asubuhi, nyingine ya usiku, kidogo tu kama punje ya njegere kwa kidevu kizima. Hakuna mafuta. Hakuna kuminya. Hakuna wembe, nipunguze ndevu kwa mashine na kuacha kivuli. Kitambaa kisafi kila siku, na nikitoka kinuni nioshe uso kwa maji na sabuni laini, bila kusugua kama sufuria.

Nilipomweleza Mama Akinyi habari ya kitambaa, alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua. Alikata leso yake kuukuu ya pamba, akanishonea vitambaa sita, akawa anavichemsha mwenyewe kila jioni. Mto wake ukarudi mahali pake bila tangazo.

Usifikiri hapo ndipo penye mwisho mzuri. Wiki zile tatu za kuacha tyubu sitaki kuzikumbuka. Uso ulivimba, ukatoa maji, ukawasha mpaka nikalala na soksi mikononi nisijikune. Mavuno yalikuwa yameanza, magunia yanafika hadi barabarani, na mimi nawapigia watu kelele kutoka ndani ya gari na kioo kimepandishwa. Okello alipita, akanichungulia, akatikisa kichwa kwa huruma ya uongo. Ningeweza kumgonga na lori. Wiki ya nne uwekundu ukaanza kushuka. Wiki ya sita vipele vipya viliacha kutoka. Ile dawa ya asubuhi ilichubua rangi ya kola ya shati langu zuri, nikalivaa hivyohivyo. Kufika mwezi wa kumi na mbili nilikuwa na madoa meusi, makovu, na vipele vinne au vitano vyenye kichwa kigumu. Hakikuwa kidevu cha kujivunia.

Asubuhi ya ayie niliamka mapema nikajifungia chumbani. Nilikuwa nimebakiza tyubu moja, nimeificha ndani ya kiatu cha mvua. Usinihukumu. Mara moja tu, nikasema. Wakwe waje, waone kidevu laini, waondoke, halafu nitaanza upya. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko Akinyi alipoingia bila kubisha. Akaona. Hakusema mambo ya hospitali. Alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Baba, chai inapoa."

Nikampa. Nikaenda kunywa chai. Nilikagua majani kwanza.

Wageni wakafika. Okello alikuwa amekuja na suti, amesimama karibu na kile kiti. Nilipita mbele yake nikakaa. Mzee mmoja wa kwetu akakohoa. Sikuinuka. Wakwe walikuwa wanaongozwa na Mzee Oluoch, baba mdogo wa yule kijana, mtu mpole, sauti ya chini, kofia magotini. Wakanitazama usoni, wakatazama chini kwa adabu, kama wakwe wanavyotakiwa.

Mimi nami nikamtazama. Kidevu chake kilikuwa laini. Laini mno. Cheupe kuliko mashavu, kinang'aa, na mishipa midogo myekundu pembeni.

Kabla ya chakula Mzee Oluoch akaomba kutoka nje. Kama mwenye nyumba nikamsindikiza. Nyuma ya tangi la maji akanipa mgongo, akachomoa kitu mfukoni, akajipaka harakaharaka. Niliiona ile tyubu. Maandishi yaleyale ya nchi nisiyoijua.

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu mkwe hasemwi mwili. Mkwe hata ukikuta suruali yake imepasuka unatazama miti. Ukimwaibisha siku kama ile anaweza kusimama na watu wake, gari likawashwa, na binti yako akabaki na wali wake kwenye sinia. Na Okello alikuwa mlangoni ananiangalia, anaomba Mungu nikosee.

"Mzee," nikasema, "hiyo tyubu umeitoa wapi?"

Akaificha. "Ni ya mafua."

"Mafua ya kidevu?"

Hasira zangu zote za mwaka mzima zikapanda. Nilimshika mkono, mkwe wangu, nikamvuta kwenye jua.

"Nitazame hapa! Haya makovu unayoyaona ni hiyo. Siku tatu alikwambia, si ndiyo? Na ukiacha inakasirika, chukua kubwa?"

"Nikiacha inawaka."

"Najua inawaka! Imeniwakia mimi, na kuna daktari wa ngozi aliyeizima!"

"Nimepaka kwa sababu ya leo tu. Mbele ya watu."

Nilikuwa nimesema maneno hayohayo asubuhi, peke yangu, na kiatu cha mvua mkononi. Nikamnyooshea kiganja. Akaiweka tyubu pale, akasema polepole, "Umenitukana katika nyumba yako, mkwe."

"Nimekutukana."

Tukarudi ndani. Hakuketi. Akasimama katikati ya sebule, kofia mkononi, na kila mtu akaacha kunong'ona.

"Mwenye nyumba amenikosea huko nje," Mzee Oluoch akasema. Okello akafunga kifungo cha suti. "Alichokosea sitakisema. Namtoza mbuzi. Na Jumanne anisindikize mahali, yeye mwenyewe, asitume mtu. Sasa tuleteeni hicho chakula, nimesikia harufu yake tangu Kisian."

Mbuzi nilimtoa siku ileile, dume, na sikumchagua mdogo. Okello alisaidia kumfunga kamba.

Jumanne tulikuwa kwenye lile benchi la mbao, wazee wawili, njugu katikati yetu. Yule daktari mdogo akachungulia mlangoni.

"Mzee, umeleta mwingine?"

"Nitaleta na wengine," nikamwambia. "Mimi nikifanya kitu nafanya kikubwa."

Watu wakazidi kuja. Mzee Oluoch akaanza kujikunyata, akachomoa hankachifu nyeupe, akaipeleka polepole mdomoni kufunika kidevu. Nikampokonya, nikaikalia.